Vyaelea Vimeundwa: Kuwatetea Wafunguzi wa Simu



Limezuka miongoni mwetu sisi wafundishaji wa Kiswahili zoea la kudharau jambo tusilolijua. Kijana akionekana ameinamia simu yake, anaiondolea mfumo uliotoka nao kiwandani na kuitia mwingine, huambiwa mara moja kwamba anapoteza wakati. Mafundi wafanyao kazi hiyo vibandani huitwa wahuni, na pengine wezi. Na mtu akithubutu kusema kwamba shughuli hiyo ina uhusiano na lugha tunayoifundisha, huchekwa. Nia yangu katika makala haya ni kuyapinga maoni hayo, tena kuyapinga kwa ushahidi, maana hoja hujibiwa kwa hoja wala haijibiwi kwa kicheko.

Madai ya wenzetu ni matatu. La kwanza, kwamba kufungua simu na kuigeuza ni mchezo wa watoto usio na faida. La pili, kwamba ni wizi, au ni jirani wa wizi. La tatu, kwamba hata kama si mchezo wala si wizi, haimhusu mwalimu wa lugha. Nitayachukua moja baada ya jingine. Lakini yafaa kwanza tuelezane jambo lenyewe ni lipi na lilianzaje, kwa kuwa wengi wa wanaolilaani hawajapata kuuliza.

Asili ya jambo lenyewe

Simujanja ni kompyuta ndogo. Kama kompyuta yoyote ile, ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziamuru nyingine zote. Kiwanda huweka kufuli katika mfumo huo: mnunuzi hupewa ruhusa ya kuutumia, ila hapewi ruhusa ya kuugeuza. Ruhusa iliyo kuu kabisa, ile ya kugeuza kila kitu, wataalamu wa kompyuta huiita mzizi. Kuipata ruhusa hiyo mafundi wetu wa mitaani hukuita kuruti, na kuuondoa mfumo mzima na kupakia mwingine hukuita kuflashi. Huenda maneno hayo yakamkera mwalimu wa sarufi. Nitaeleza baadaye kwa nini lawama ya ubaya wake ni yetu wenyewe.

Kazi hii ilianza kabla ya simu tunazozijua leo. Zilipokuwapo simu za Windows Mobile, katika miaka ya kwanza ya karne hii, tayari wapenzi walikuwa wakiifumua mifumo yake, wakitoa wasichokitaka na kutia walichokitaka. Wenyewe walijiita wapishi, na zana zao wakaziita jiko. Juni 29, 2007, Apple iliuza iPhone ya kwanza nchini Marekani. Simu hiyo ilifungwa kwa kampuni moja tu ya mtandao, AT&T, wala haikumruhusu mwenyewe kuongeza programu ya mtu mwingine. Haukupita mwezi kabla ya wapenzi kuingia ndani yake. Agosti ya mwaka huohuo kijana wa New Jersey mwenye umri wa miaka 17, George Hotz, aliifumua yake, akachomelea waya, akaifanya ikubali kadi ya mtandao mwingine.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2008, ikaja simu ya kwanza ya Android, iliyotengenezwa na HTC na kuuzwa na T-Mobile kwa jina la G1. Ilikuwa na kioo cha inchi 3.2 na kibodi iliyojificha chini ya kioo hicho. Android ilitangazwa kuwa ni mfumo huria, yaani maandishi ya programu yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyageuza. Lakini simu yenyewe iliuzwa ikiwa imefungwa. Novemba 2008 likagunduliwa jambo la ajabu: kila neno lililochapwa kwenye kibodi ya simu hiyo lilikuwa likipokewa pia, kwa siri, kama amri yenye mamlaka ya mzizi. Mtu aliyekuwa akimwandikia mwenziwe ujumbe, akichapa neno la Kiingereza lenye maana ya “jiwashe upya”, simu ilimtii, ikazima na kuwaka! Google ililiziba tundu hilo upesi. Wapenzi nao wakajifunza kuirudisha simu kwenye toleo la zamani lenye tundu, wakaingia, kisha wakapakia mifumo waliyoiunda wenyewe. Wa mwanzo kujulikana kwa kazi hiyo alijiita JesusFreke. Baada yake, mwaka 2009, akatokea Steve Kondik, aliyeupa mfumo wake jina la CyanogenMod, nao ukaja kupakiwa katika simu za aina nyingi sana duniani.

Hiyo ndiyo historia kwa ufupi. Sasa tuyatazame madai.

Ati ni mchezo wa watoto

Tukubali kwamba mapambo yalikuwamo. Wako waliobadili rangi, wako waliobadili picha za vidude, wako walioifanya simu ya HTC ifanane na iPhone na ya Apple ifanane na G1. Upuuzi huo upo katika kila ufundi, hata katika ushairi. Lakini haifai kuupima ufundi kwa upuuzi wake na kuyaacha mazao yake.

Mazao ni haya. Nafasi ya ndani ya G1 ilikuwa finyu mno. Mtu akipakia programu chache tu, simu ilimwambia imejaa. Wapenzi walibuni njia ya kuzihamishia programu katika kadi ya kumbukumbu. Google yenyewe ilikuja kuiruhusu njia ya namna hiyo katika Android 2.2, Mei 2010. iPhone ya kwanza haikuweza kurekodi picha za video, ingawa kamera ilikuwa nayo. Mwaka 2008 wapenzi waliitungia programu ya kurekodi, na Apple ikatoa uwezo huo mwaka 2009, tena katika simu mpya tu. Kuweka picha nyuma ya vidude vya ukurasa wa kwanza, jambo ambalo leo mtoto wa darasa la tatu hulifanya bila kufikiri, Apple iliruhusu Juni 2010. Waliozifungua simu zao walikuwa wamelizoea siku nyingi. Na duka lenyewe la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008, ilhali waliofungua simu zao walikwisha kuwa na njia zao za kugawiana programu tangu mwaka uliotangulia.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Starehe nyingi tuzionazo leo katika simu zetu kana kwamba zilishuka na simu kutoka mbinguni, zilijaribiwa kwanza na hao waitwao wachezaji, usiku, bila malipo, simu zao zikiwa hatarini kufa kabisa kwa kosa dogo la mkono.

Tena iko faida nyingine iliyo karibu zaidi nasi. G1 ilipewa na wenyewe toleo la mwisho, Android 1.6, mwaka 2009, kisha ikaachwa. Simu haikuwa imevunjika. Kioo chake kilikuwa kizima, kibodi yake nzima, betri yake yachajika. Iliachwa kwa sababu kiwanda kilikuwa na simu mpya ya kuuza. CyanogenMod iliipa Android 2.2. HTC HD2, iliyouzwa mwaka 2009 na Windows Mobile ambayo ilikuwa karibu kufa, wapenzi waliipakia Android wakaiongezea maisha kwa miaka kadhaa. Je, ni nani anayehitaji zaidi simu iliyoongezewa maisha: mtu wa nchi tajiri ambaye hubadili simu kila mkataba wake uishapo, au mwalimu wa shule ya kijijini aliyenunua simu iliyokwisha kutumiwa na wengine wawili? Simu za mitumba zifikapo kwetu, aghalabu huja na kufuli la mtandao wa ng'ambo. Anayezifungua zikazungumza ni fundi wa Luthuli Avenue kule Nairobi, wa Kariakoo kule Dar es Salaam, au wa vibanda vya Kampala. Kama huyo ni mtoto anayecheza, basi wengi wetu tumekuwa tukiongea na wazee wetu kwa hisani ya mchezo wake.

Ati ni wizi

Dai hili ni zito, nalo lastahili jibu la uangalifu, maana lina kipande cha ukweli ndani yake.

Ipo kazi moja ifanywayo vibandani ambayo siitetei hata kidogo: kuibadili namba ya utambulisho ya simu, ile IMEI, ili simu iliyoibwa isijulikane. Huo ni usaidizi wa wizi, na anayeufanya atiwe mikononi mwa sheria. Serikali zetu zimekwisha lishughulikia suala la namba hizo: Kenya ilizizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Lakini kubadili namba ya utambulisho ni jambo moja, na kubadili mfumo endeshi ni jingine. Anayechanganya mawili haya ni sawa na anayemwita mwizi kila mwenye kujua kuchonga funguo.

Tuulize basi: aliyeununua mfumo pamoja na simu, akaugeuza, amemwibia nani? Watajibu kwamba simu huuzwa kwa bei nafuu na kampuni ya mtandao, na kwamba kuifungua ni kuikimbia kampuni hiyo. Ni kweli kwamba G1 iliuzwa Marekani kwa dola 179 kwa mtu aliyefunga mkataba wa miaka miwili. Lakini mkataba hulindwa na mkataba. Mtu akiuvunja, hudaiwa faini iliyoandikwa humo. Kufuli ndani ya simu halilindi deni. Hubaki palepale hata deni likishalipwa. Isitoshe, Desemba 2008 Google yenyewe ilianza kuwauzia waandishi wa programu simu ileile ikiwa wazi, kwa dola 399. Kama kufungua ni wizi kwa asili yake, je, Google ilikuwa ikiuza wizi?

Watasema pia kwamba wapenzi hugawa mali ya wenyewe. Kwa hili tutaje tukio la Septemba 2009. CyanogenMod ilikuwa ikigawa, pamoja na mfumo huria, programu za Google zisizo huria: ramani, barua, duka. Google ikamwandikia Kondik barua ya kumtaka aache. Aliacha. Tangu hapo mfumo wake ukagawiwa bila programu hizo, na mwenye simu akajihifadhia mwenyewe zile alizouziwa pamoja na simu yake. Hapo kosa lilitajwa, likarekebishwa, na mpaka ukachorwa mahali pake. Watu wanaofanya hivyo wanajua maana ya mali kuliko wale wanaowatuhumu.

Na huko Marekani kwenyewe, shauri hili lilikwisha sikilizwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za kielektroniki, lakini ilitoa nafasi ya kufikiria misamaha kila baada ya miaka mitatu. Apple ilipinga simu zisipewe msamaha, ikadai kuwa kufungua iPhone kunavunja haki zake na kwamba kwaweza hata kuhatarisha minara ya simu. Julai 26, 2010, mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani alitangaza kwamba mwenye simu anayeifungua ili apakie programu alizozipata kihalali hakuivunja sheria hiyo. Msamaha wa kuifungua simu ihamie mtandao mwingine ulipoondolewa kwa simu mpya Januari 2013, watu zaidi ya 100,000 walitia saini malalamiko, na Agosti 1, 2014, Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kuurudisha. Basi wenzetu wanawaita wezi watu ambao hata nchi yenye viwanda hivyo imewaona hawana hatia.

Ati haimhusu mwalimu wa lugha

Nafika sasa kwenye dai la tatu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa ndilo linalotuumiza.

Sisi wa nchi jirani tunalijua tatizo hili kuliko ndugu zetu wa pwani. Mwanafunzi wetu hakuzaliwa katika Kiswahili. Anakijenga neno kwa neno. Darasani anasahihishwa na mwalimu. Akitoka darasani anasahihishwa na simu. Na simu iliyopewa msamiati wa Kiingereza peke yake ni mwalimu mbaya mno. Ataandika “wenzangu” naye apigiwe mstari mwekundu. Ataandika “tulipokuwa” simu impendekezee upuuzi. Lakini akiandika “pole”, “wake”, “mate” au “kale”, simu itanyamaza kwa ridhaa, ikidhani kwamba hatimaye amejifunza Kiingereza. Mwanafunzi anayeadhibiwa hivyo kila siku, mara mia kwa siku, mwishowe huona kwamba lugha aliyofundishwa ndiyo yenye kosa.

Ni nani anayeamua simu ijue lugha gani? Jibu li katika kufuli. Android iliruhusu kibodi za watu wengine tangu toleo la 1.5, Aprili 2009. Yaani tangu mwaka huo mtu yeyote mwenye maarifa, bila kumpigia magoti mtu, aliweza kuunda kibodi ya lugha yake na kuwapa wenzake. Apple ilikuja kuruhusu jambo hilohilo Septemba 2014. Kwa zaidi ya miaka mitano, mwenye iPhone ambaye lugha yake haikuwa katika orodha ya kampuni alikuwa na njia mbili tu: kusubiri, au kuvunja kufuli. Hebu tuambiane ukweli: lugha yenye wasemaji wengi lakini wanunuzi wachache, ingesubiri mpaka lini?

Wasiosadiki na waitazame nchi ya Myanmar. Herufi za Kiburma huungana na kupandana kwa namna ambayo simu nyingi za mwanzo hazikuiweza. Nchi ilipofunguka na simu zikaingia kwa wingi, hasa baada ya mwaka 2014, watu walinunua simu ambazo hazikuweza kuonyesha lugha yao. Wenye maduka ya simu walifanya nini? Waliziruti. Mteja akinunua simu, muuzaji aliifungua papo hapo, akatia fonti ya Kiburma iitwayo Zawgyi, akamkabidhi. Kazi ileile tunayoiita uhuni ndiyo iliyowawezesha watu hao kuandikiana barua kwa lugha ya mama zao. Baadaye baadhi ya viwanda vikaanza kuuza huko simu zenye fonti hiyo tayari.

Lakini sitaficha upande wa pili wa habari hiyo, maana una somo kwetu. Zawgyi haikufuata kanuni ya kimataifa ya kuhifadhi herufi, ile iitwayo Unicode. Ikatokea kwamba maandishi yaliyoandikwa kwa njia moja, yakisomwa katika simu ya njia nyingine, yalivurugika yasisomeke. Nchi moja, lugha moja, maandishi mawili yasiyoelewana. Ilibidi serikali itangaze kuhamia Unicode rasmi Oktoba 1, 2019, na usumbufu wa kuhama haukuwa mdogo. Maadui wa ufundi huu watalishika jambo hilo kwa mikono miwili: “Mwaona! Wahuni waliivuruga lugha!” Nami nauliza: wataalamu wa lugha walikuwa wapi wakati fundi yuko peke yake na simu isiyosema? Fundi alifanya sehemu yake. Aliyekosekana katika kibanda ni mtu wa kanuni. Na mtu wa kanuni, ndugu zangu, ni sisi.

Historia ya Kiswahili chetu yatufundisha hivyo. Lugha hii ilisanifiwa kwa maamuzi ya watu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo katika nchi nne, Uganda yetu ikiwa mojawapo. Maamuzi yale yaliwachoma wengi, hasa wapenzi wa Kimvita, na hata leo yana wenye kuyalalamikia. Hata hivyo, angalau walikuwapo watu waliojua kwamba tahajia ni jambo la kukaa kitako na kulijadili. Katika zama za simu, kikao hicho kimeachiwa nani?

Mfano mwema wa nyumbani tunao. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, waliitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliwezaje? Kwa sababu OpenOffice ilikuwa programu huria: maandishi yake yalikuwa wazi, na leseni yake ilimpa kila mtu haki ya kuigeuza. Hawakuhitaji kumwandikia mwenye kampuni barua ya kumsihi. Hapo mfunguzi wa programu na mtaalamu wa lugha walikaa meza moja, na Kiswahili kikapata kuingia mlangoni kwa miguu yake.

Hali ilivyo leo

Mtanijibu kwamba hayo yamepita. Kwamba leo Android ina Kiswahili, na kibodi zenye Kiswahili zipo tele. Ni kweli, nami nafurahi. Lakini kwanza, Kiswahili hicho kimewekwa na wengine, kwa hiari yao, kwa maneno waliyoyachagua wao. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuiweka simu katika Kiswahili, wakaisoma menyu yake neno kwa neno kama wasomavyo insha ya mtahiniwa? Pili, kilichotolewa kwa hiari chaweza kuondolewa kwa hiari. Tatu, ziko lugha ndugu za Kiswahili, lugha za nyumbani za wanafunzi wetu hao hao, ambazo hazijafikiwa na hisani hiyo. Nguo ya kuazima haisitiri, na haki ya kuazima ni vivyo hivyo.

Nao wafunguzi hawako salama. CyanogenMod iligeuzwa kampuni mwaka 2013. Kampuni ikayumba, na mwisho wa mwaka 2016 ikazifunga huduma zake. Wapenzi waliichukua kazi wakaiendeleza kwa jina la LineageOS, nayo ingali hai. Lakini kufuli zimezidi kuwa ngumu. Viwanda vingine humruhusu mnunuzi kufungua kwa masharti, vingine havitoi ruhusa kabisa. Programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyofunguliwa. Sababu yao ni usalama, na usalama si jambo la mzaha; lakini tokeo lake ni kwamba mtu analazimika kuchagua kati ya kuimiliki simu yake na kuzifikia fedha zake. Ilipokuwa HTC ikizifunga simu zake mpya, wateja walipiga kelele hadi Mei 2011 mkuu wake, Peter Chou, akatangaza kwamba kampuni itaacha kufanya hivyo. Kelele, basi, huleta tija. Lakini hupigwa na wale wanaojua kwamba kitu fulani wamenyimwa.

Yatupasayo

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne, ambayo kila chama cha walimu kinaweza kuyatekeleza bila kusubiri fedha za mtu.

Kwanza, tuache matusi. Fundi wa simu ni msemaji wa Kiswahili anayefanya kazi mahali ambapo maneno mapya huzaliwa kila siku. Nilisema kwamba “kuruti” na “kuflashi” huenda yakatukera. Je, tulimpa maneno gani mengine? Alikuwa na kazi mkononi na mteja mbele yake. Hakuweza kungoja kamati. Twende vibandani na daftari, tuyaandike maneno ayatumiayo, tulinganishe na yale ya vibanda vingine. Yanayofaa tuyakubali, maana hata “meza” na “shule” yalikuja kwa njia za namna hiyo. Yasiyofaa tupendekeze mengine, tena tuyapeleke kwake kwanza kabla ya kuyapeleka katika kamusi. Wale wapishi wa Windows Mobile wametuonyesha njia: “kupika mfumo” ni Kiswahili safi, na kila mtu huelewa.

Pili, tuwatume wanafunzi wetu wa madarasa ya juu wakusanye orodha za maneno ya Kiswahili, zilizohakikiwa tahajia na mnyambuliko wa vitenzi, kwa ajili ya kibodi huria. Kazi hiyo ni zoezi bora la sarufi kuliko nyingi tunazozitoa. Anayetaka kuifundisha mashine kwamba “tulipokuwa” ni neno halali, hana budi kuelewa limejengwaje.

Tatu, tuzisome menyu za simu kwa jicho la mtahini, tukusanye makosa, tuyapeleke kwa wenyewe kwa jina la chama. Barua moja ya mtu mmoja hupotea. Barua ya walimu mia haipotei kwa urahisi.

Nne, tuwaombe wenye mamlaka wa nchi zetu waamuru kila muuzaji aseme wazi, kabla ya kupokea fedha ya mnunuzi, kama simu hiyo yaweza kufunguliwa na mwenyewe au la, na itaendelea kupewa matoleo mapya kwa muda gani. Anayeuza shamba hutakiwa kuonyesha mipaka yake. Kwa nini anayeuza simu asitakiwe?

Nimesema niliyokuwa nayo. Asiyekubaliana nami na ajitokeze katika kurasa hizi hizi, alete ushahidi wake, nami nitamjibu kwa heshima. Ila namwomba kabla ya kuandika apitie kibanda cha fundi aliye karibu naye, aketi kitini nusu saa tu, asikilize ni lugha gani inayozungumzwa juu ya simu zile zilizofunguliwa, kisha aniambie kama hana kazi ya kufanya mahali pale.